Adui wa Ghorofa ya Tatu

Niliota usiku wa jana kwamba adui wa ghorofa ya tatu amebisha hodi chumbani kwangu. Nilimjua papo hapo. Kwenye gemu langu la vita yeye hujificha nyuma ya pipa, nami humpiga risasi kila jioni nikitoka kazini.

"Karibu," nikamwambia. Ningesema nini kingine?

Anaingia, anavua kofia ya chuma, anakaa kwenye kitanda cha Ndimbo. Ana mvi, jambo ambalo kwenye tivii halionekani.

Kitanda hakina mtu. Nilipanga chumba hiki na Ndimbo miaka miwili, mpaka siku aliyozima tivii nikiwa katikati ya gemu, nikampiga ngumi ya mdomo. Aliondoka na begi moja. Hii ni wiki ya tano, na sijaongea na mtu humu ndani.

"Umeniua mara elfu moja mia mbili," adui anasema. "Hujanisalimia hata mara moja."

"Shikamoo."

"Marahaba."

Mara tukawa kwenye zahanati. Mizani inaniamuru nivue viatu, inapima hasira yangu. Nacheza gemu nusu saa, inapima tena.

"Ulikuja na kilo nne," inasema. "Gemu limeongeza gramu mia mbili."

"Kwa hiyo ni gemu lililompiga Ndimbo?"

"Gemu halina ngumi."

"Na hizo kilo nne?"

Mizani inatazama pembeni. "Si zote ni hasira. Nyingi ni upweke, ila mimi sikutengenezwa kupima huo."

Adui ananigeukia. "Kwa nini hujamwomba msamaha mwenzako?"

"Naona aibu."

"Nipe simu."

"Utamwambia nini?"

"Kwamba unaona aibu."

Sasa tuko ghorofa ya tatu. Anashuka ngazi akiongea kwa simu yangu, namsikia akicheka. Mimi nakaa nyuma ya pipa lake, namsubiri. Chini vita vinaendelea. Nasubiri sana. Hakuna anayepanda, hata wa kunipiga risasi.

Nimeamka saa moja asubuhi. Kwenye simu kuna ujumbe wa Ndimbo, wa kwanza tangu aondoke:

"Poa kaka, nimekuelewa. Mdomo umeshapona. Jumamosi nakuja kuchukua godoro, tutaongea. Huyo mzee aliyenipigia kwa simu yako ni muungwana sana. Ila mbona nyuma yake kulikuwa na milio ya risasi?"