Waliorudi na Waliorudishwa

Akimana alisimama mbele ya televisheni na kompyuta yake, akawahutubia wazazi wake kana kwamba wao ndio darasa zima la chuo kule Kensington, katika jiji hili la ugenini walikohamia kutoka Burundi. Kesho yake angetoa mada na wenzake kuhusu Amerika baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Alisoma kwa Kiingereza, na kila baba yake alipokunja uso, alimfafanulia kwa Kiswahili chake cha kubabaisha: wanajeshi walirudi kwa mamilioni, serikali ikawalipia masomo na kuwadhamini mikopo ya nyumba, ingawa weusi wengi walinyimwa; wanajeshi hao wakaoa, watoto wakazaliwa kwa wingi, vitongoji vipya vikachipuka pembezoni mwa miji.

Égide, baba yake, alifurahi. Naye alikuwa mwanajeshi Burundi, akavua gwanda amani iliporudi, na Akimana ndiye kifungua mimba wake.

"Hata sisi tulifanya hivyo hivyo," alisema. "Amani ilikuja, tukajaza nyumba."

Anésie, mkewe, alikuwa akipiga pasi sare yake, maana jioni hiyo alikuwa na zamu kwenye nyumba ya kutunzia wazee kule Lidcombe. Aliuliza: wakati wa vita, viwandani alikuwa akifanya kazi nani? Akimana akasema wanawake. Na wanaume waliporudi? Wengi waliachishwa, wakarudi jikoni. Ila hiyo ilikuwa slaidi moja tu, sehemu ya mwenzake Tevin.

Moja tu. Vita vilipopamba moto Bujumbura, Anésie ndiye aliyeendesha mashine ya kukata sabuni kiwandani, akawalisha mama mkwe na mashemeji. Wanajeshi walipoanza kurudi, patroni, mwenye kiwanda, aliwaita wanawake uani, akawashukuru sana, kisha akasema wanaume wamekuja, wapisheni. Mashine yake alipewa mtu ambaye ilibidi kwanza amfundishe kuiwasha. Baada ya hapo ikawa mimba juu ya mimba, na watu wakampongeza.

Alimsimulia binti yake hayo yote, akamwomba ayaseme darasani. Akimana alisikiliza kwa adabu, halafu akajibu kwa Kiingereza kwamba mada ni Amerika na mwalimu angewakata alama.

"Basi hao wa Amerika waelezeni vizuri," Anésie alisema.

Akimana aliahidi kumwambia Tevin.

Kesho yake alirudi nyumbani Blacktown akitabasamu, mada ilisifiwa. Mama yake alipouliza habari za wale wanawake, alijitetea. Muda uliwabana, wakairuka slaidi ile. Akaingia chumbani kwake.

Égide alicheka kidogo, akamwambia mkewe aachane na mambo ya Waamerika. Wao walivuka vita salama, wakapata watoto. Alitaka nini tena?

"Nilirudi pale kiwandani," Anésie alisema. "Nikiwa na mimba ya Akimana, karibu kujifungua. Nilishinda getini nikiomba kazi yangu."

Égide alimtazama. "Hukuniambia."

"Nyumba ilijaa wageni, Baba Akimana, wewe ukiwasimulia vita. Ningemwambia nani?"

Alingoja mumewe aulize walimjibu nini pale getini.

"Mama Akimana, hayo yalishapita," alisema kwa upole.

Upole huo ndio uliomuudhi kuliko kicheko. Anésie alichukua mkoba, akatoka kuwahi treni ya kwenda kazini bila kuaga.