Video ya Shukrani

Fundi alikuwa mjane. Kwa miaka kumi na tisa alishona sare kwenye kibaraza cha duka la madaftari, kwa cherehani ya kukanyaga iliyokwisha kumla magoti. Shule zikikaribia kufunguliwa, foleni ilifika barabarani, na wateja waliochoka kusubiri walihamia kwa mafundi wenye mashine za umeme.

Ndipo akaona ukurasa kwenye simu: mashine ya umeme, nusu ya bei ya dukani. Akaandika. Akajibiwa na mtu aliyejiita Afisa Mauzo, mpole kama maji ya mtungini, kila neno "mama yangu". Fundi alipotaka wapigiane waonane sura, aliambiwa kamera ya ofisi ni mbovu. Alipouliza ofisi iko wapi, jibu likawa, "Zimebaki mbili tu, mama yangu, na kuna mtu anaulizia." Akatuma nusu ya malipo.

Siku tatu baadaye Afisa Mauzo akamwambia anaweza kuruka foleni ya mizigo, mradi atume video ya kushukuru.

"Lakini mzigo haujafika, mwanangu."

"Uko njiani, mama yangu. Unatanguliza asante tu."

Fundi akavaa gauni lake la kwendea harusi za watu, akasimama mbele ya ukuta wa chumbani, akasema, "Nimepokea mashine yangu, nzuri kabisa. Hawa ni waaminifu." Alirudia mara nne mpaka ikatoka vizuri.

Kisha ikaja ada ya usafiri. Akatuma. Ikaja ya bima, eti ingerudishwa mashine ikifika. Akatuma. Baada ya hapo simu yake haikupokelewa tena, na picha ya Afisa Mauzo ikatoweka. Alikuwa amefungiwa.

Hakumwambia mtu. Jumamosi moja wifi yake, dada wa marehemu mumewe, mpishi wa shule ya bweni, alipita akamkuta bado anakanyaga.

"Wifi, si nilikuona kwenye simu una mashine mpya? Mbona huitumii?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Fundi aliuma uzi kwa meno ili apate muda.

"Ipo nyumbani. Nangoja mtu wa umeme anivutie waya."

"Haya, hongera! Mambo mazuri hata hutuambii." Wifi akacheka, akaenda zake.

Wiki iliyofuata alirudi, safari hii bila hodi. Alikuwa amelipia friji kwenye ukurasa uleule, auze juisi akistaafu. Alituma pesa zote kwa mkupuo.

"Tangu juzi hawapokei. Hebu nipe namba unayowapata wewe."

Fundi akamweleza yote. Wifi alisikiliza wima. Wateja wawili waliokuwa kwenye benchi wakajifanya wanakagua vitambaa.

"Matapeli siwajui," Wifi akasema. "Kuiba ndiyo kazi yao. Wewe nilikuuliza kwa mdomo wangu."

Walikwenda polisi siku moja, kila mtu upande wake wa barabara. Askari aliandika, akapiga simu, akawaambia namba imesajiliwa kwa jina la bibi mmoja asiye na habari. "Mnatuma kwanza, mnauliza baadaye," akasema, akafunga daftari. Wifi hajamsalimu tena tangu siku hiyo.

Fundi akarekodi video nyingine: usilipe mzigo usiouona, anayekuharakisha mkimbie, na mimi nilisema uongo. Wachache walioitazama waliandika kwamba tamaa ilimponza. Ile ya kwanza iliendelea kutembea, chini ya ukurasa uliobadilishwa jina.

Asubuhi moja mama mmoja alileta kitambaa cha gauni. Akiwa anapimwa mabega, simu mkononi, akamkazia macho Fundi.

"Si wewe yule wa mashine? Mimi nataka jiko la gesi kwao. Hapa nilikuwa natuma."

"Usitume, dada yangu. Sikupokea hata sindano."

Yule mama akaishusha simu. "Lakini ulisema umepokea. Walikudanganya, au ulidanganya?"

Fundi alikuwa na utepe mkononi. "Walinidanganya. Nami nikadanganya."

Yule mama akakunja kitambaa chake taratibu, akakirudisha mfukoni.

"Ahsante kwa kunitahadharisha," akasema, akavuka barabara kwenda kwa fundi mwingine.