Jora la Kijani la Somoe

Somoe, fundi cherehani wa Likombe, ni Simba damu. Kila Yanga walipotwaa ubingwa, majirani walimiminika kwake kutaka bendera, naye kabatini alikuwa na vitambaa vyekundu vitupu. Ikabidi azunguke mji mzima juani kutafuta kijani na njano, huku akiwasema wachezaji wa timu yake mmoja mmoja kwa majina.

Mwaka huu, ligi haijachezwa hata mechi moja, jirani yake Chitanda, Yanga lialia, alipita akakuta jora zima la kijani mezani, na la njano pembeni yake.

"Dada Somoe, umehama timu?"

"Nihamie wapi? Nimechoka kuhangaika kila msimu ukiisha. Mtachukua tena, kwani mimi kipofu?"

Chitanda alicheka mpaka akashika mlango. "Ndiyo hivyo! Asiyekubali kushindwa si mshindani."

"Nani kakubali?" Somoe akasonya, akaendelea kukanyaga cherehani.

Chitanda akainama kuitazama bendera ya kwanza. Pindo lote lilikuwa limeshonwa kwa uzi mwekundu.