Sura Mpya Kabla Mwezi Haujaandama

Mimi sipendi kuambiwa "kiache, si kinafanya kazi?" Mume wangu Nadir ndio wimbo wake, na siku ile ya ishirini na tisa Shaabani aliuimba tangu tulipotoka kusali Adhuhuri.

Laptopu yangu ni ya Linux. Uzuri wa Linux, sura yake ya mbele, yaani madirisha, menyu na rangi, unaweza kuipandisha toleo jipya na vitu vyako ukavikuta pale pale. Yangu ilikuwa kuukuu, lakini ilielewana na kamera ya darubini niliyoinunua Paje kwa Mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Toleo jipya lilikuwa na njia nzuri ya kukuza picha. Ila likiikataa kamera, ndio basi tena, jioni hakuna mwezi.

Na mwezi ule nilimtakia mama. Mama yangu, Bi Maisara, kila mwaka alipanda juu ya dari yetu hapa Kiembe Samaki akauona mwezi wa Ramadhani kabla ya vijana. Sasa sukari imemwendea machoni. Daktari kesha kutwambia kilichokwenda hakirudi, na kilichobaki nacho kiko njiani. Kwenye ile sura ya zamani picha ilikuwa ndogo, weupe wa pembeni unamchoma macho, na ukiikuza kompyuta inaganda.

Nadir akasema mtaka yote hukosa yote. Nikamjibu kuwa mwenye kukosa ni mama, si yeye. Lakini kusema kweli niliogopa. Mkono ulikwenda kwenye kitufe ukarudi, ukaenda ukarudi, mpaka mama, aliyekuwa kitako anamenya vitunguu thomu, akaniita.

"Thuwaiba, mwezi ukiandama, nigeuzeni tu upande uliko."

Nikabonyeza.

Ilimaliza Magharibi inaingia. Juu ya dari, tulikokwisha kumpandisha mama, sura mpya ikafunguka, nyeusi tii, haina cha kumchoma mtu, na kamera kiza. Nikachomoa waya, nikauchomeka tena, nikapiga Bismillahi. Kiza. Kumbe kuna kidirisha kimejificha nyuma kinaomba ruhusa ya kutumia kamera. Toleo jipya lina adabu zake, haliingii bila ya kupiga hodi. Nikaliruhusu.

Mwezi ukajaa skrini nzima. Wallahi nimeutazama maisha yangu yote, na siku ile ndio nimeuona. Uzi wa mwanga, umepinda, ukingo wake umeparuzika, unatetemeka kidogo. Nikaukuza, nikaukuza tena, mpaka mama akaacha kupapasa hewa na uso wake ukatulia.

Nadir, kwa sauti ya chini, akasema wapo wasioukubali mwezi wa kwenye skrini.

"Siendi kutoa ushahidi, mwanangu," mama akasema. "Nnamsalimia huyu mwezi."

Akainua viganja, akausomea dua yake, Mola wangu na Mola wako ni Mwenyezi Mungu. Nadir naye akainua vyake. Mwezi ulishuka taratibu ukazama nyuma ya minazi, skrini ikabaki nyeusi, na mama bado ameielekea.

"Mwaka jana nilishamuaga," akasema. "Sikukwambieni tu."