Sura ya Kumi na Tano

Kamati ya Vitabu Vinavyopendekezwa kwa Vijana ilikutana kila Jumanne ya pili ya mwezi, saa nne asubuhi, katika chumba cha juu cha maktaba, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kukata vitabu. Wajumbe walikuwa wanne, wote watu wa shughuli nyingi, na vitabu vilikuwa vinene. Basi mkutubi, ambaye ndiye aliyekuwa katibu, alichukua kisu cha kukatia zulia, akakipitisha kwenye mgongo wa kitabu, akagawa mafungu manne. Kila mjumbe alikwenda nyumbani na fungu lake. Mwezi uliofuata walirudi, kila mmoja akaeleza fungu lake lilikuwaje, wakapiga kura.

Utaratibu huo ulikuwa umewapa vijana mapendekezo ya aina yake. Hadithi moja ya upelelezi yenye maiti watatu ilipendekezwa kwa watoto wa miaka sita, kwa sababu fungu la mwakilishi wa wazazi lilikuwa na watu wanaokunywa chai na kuulizana maswali kwa adabu. Riwaya ya kihistoria juu ya mji uliozingirwa na maadui iliwekwa kwenye rafu ya lishe, kwa kuwa mwalimu mstaafu aliangukia kurasa ambazo wenyeji wanachemsha mikanda ya ngozi, akaona mapishi yameelezwa vizuri. Mwenyekiti siku zote alichukua fungu la mwisho. Alisema anapenda kujua mambo yanaishia wapi.

Mkutubi hakuwa na kura. Kazi yake ilikuwa kukata, kuandika kumbukumbu za kikao, na kutia sahihi chini ya maneno "Kimesomwa chote." Watoto walimwita Mama Kimya kutokana na bango la "Kimya" lililokuwa mezani kwake, na kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amekaa kwenye vikao hivyo bila kutoa neno.

Mwezi wa tatu mjane mmoja alileta mswada ndani ya boksi la mashati. Mumewe alikuwa karani wa zimamoto, alistaafu, akaandika, akafa. Mswada ulikuwa umepigwa kwa taipureta, nakala moja tu, sura kumi na tano, nao ulikuwa riwaya ya vijana. Msichana wa miaka kumi na mitatu anachunguza moto ulioteketeza kiwanda cha mashati pamoja na mafundi cherehani kumi na tisa. Kiwanda hicho kilikuwapo kweli, tena kwenye kiwanja hichohicho palipojengwa maktaba. Ukutani, kando ya mlango, palikuwa na bamba la shaba lililosema: "Kwa kumbukumbu ya moto uliosababishwa na uzembe wa mfanyakazi aliyewasha jiko."

Jiko lilisemekana ni la bibi yake mkutubi, mzaa mama. Mama yake alikuwa na miaka miwili moto ulipotokea, na sasa alikuwa na sabini. Kwa miaka yote hiyo aliitwa Mtoto wa Jiko. Aliitwa hivyo shuleni, aliitwa hivyo sokoni, na siku ya harusi yake shangazi wa upande wa bwana harusi aliomba viberiti vifichwe. Watu walicheka kidogo, kwa heshima. Mama huyo hakuwahi kumiliki jiko la mkaa maishani mwake, na hata chai alipenda ije ikiwa imeshapoa.

Mkutubi aliusoma mswada wote, jambo ambalo halikuwamo katika utaratibu. Katika sura ya kumi na tano, msichana anafungua daftari la zimamoto na kukuta hapakuwa na jiko. Palikuwa na nyaya mbovu, na palikuwa na mlango uliofungwa kwa nje na msimamizi wa kiwanda, ili mtu asitoroke kabla ya kengele ya jioni. Ufunguo ulikutwa kwenye mfuko wa koti lake, akiwa amekaa nyumbani anakula. Mkutubi aliposoma hapo alilia, kisha akaenda kutoa nakala. Mashine ya kutolea nakala haikuwa na wino. Wino ulikuwa umeombwa mwaka juzi.

Jumanne ilipofika aliukata mswada mafungu manne kwa mkono wake mwenyewe, na sura ya kumi na tano ikawa fungu la mwisho peke yake. Hakujua afanye nini kingine.

Kesho yake, saa tisa alasiri, mafundi cherehani kumi na tisa waliingia maktaba. Walivaa aproni, walinuka moshi, na vipande vya uzi vilikuwa bado vimenasa kwenye nywele zao. Waliamkia, wakauliza wakae wapi, wakachagua viti vya watoto vilivyo karibu na mlango. Mfagizi alilalamika kwamba wanaacha masizi, ikabidi viti vitandikwe magazeti. Mkutubi aliwajazia fomu za uanachama. Kwenye nafasi ya anwani waliomba aandike "hapahapa."

Mkutubi alimtambua bibi yake kwa mwanya, kwa kuwa ulikuwa mwanya uleule wa mama yake. Bibi alikuwa na miaka ishirini na minne. Alimtazama mjukuu wake wa miaka arobaini na tatu kuanzia kichwani hadi kwenye viatu.

"Wewe umenipita umri," alisema, "na bado kilemba hujui kukifunga. Sogea hapa."

Akamfunga upya, kwa kukaza, huku wenzake wakicheka. Mkutubi aliinama akamnong'oneza kwamba ameisoma sura ya mwisho, kwamba anamjua aliyefunga mlango, na kama wanataka atawaambia sasa hivi.

"Mjukuu wangu, sisi tunamjua. Tulimwona dirishani akienda zake na ufunguo wake. Hatukuja kuambiwa." Alimaliza fundo, akalipiga kofi dogo. "Tumekuja kusikia mtoto akisoma."

Mkutubi aliwaeleza kwamba kitabu hakina budi kupita kwanza kwenye kamati. Walisema haidhuru, kusubiri wamekuzoea.

Alhamisi mama yake alikuja, amevaa gauni lake la sherehe. Alisimama mbele ya yule msichana wa miaka ishirini na minne, akakunja goti kidogo, akasema, "Shikamoo, mama." Msichana akaitikia marahaba bila kusita, akamuuliza kama amekula. Walikaa wameshikana mikono mpaka saa kumi na moja, na maktaba ilipofungwa, yule mzee aliondoka na masizi kwenye kiganja na hakunawa siku mbili.

Walipokuwa wakisubiri, wanawake walisomewa vitabu vingine. Msomaji wao alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili aliyepewa jina la Kachero, kwa sababu hadithi ya upelelezi haikumfikisha sura ya tatu kabla hajamjua mhalifu. Kachero aliwapendekezea vitabu vizuri kuliko kamati, maana yeye alikuwa amevisoma. Wanawake walikuwa wasikilizaji wagumu. Kitabu hakijaanza, mmoja wao huuliza ni nani mwenye funguo.

Mwezi wa nne kamati ilikutana, na siku hiyo wanawake walifika tangu asubuhi. Mwenyekiti alifungua kikao kwa kengele ya shaba aliyorithi kwa babu yake, ambaye naye alitoka nayo kazini alikokuwa msimamizi. Ilipolia, viti kumi na tisa vilisikika chini vikisukumwa kwa pamoja, kisha nyayo zikaelekea mlangoni, kisha kimya. Mwenyekiti aliuliza hiyo ni nini. Mkutubi alisema ni wasomaji. Mwenyekiti akaagiza iandikwe kwamba mahudhurio yameongezeka.

Mwalimu mstaafu alisema fungu lake lilianza vyema, nukta zote zilikuwa mahali pake. Mwakilishi wa wazazi, ambaye hakuwa na mtoto lakini alikuwa na muda, alisema katika lake kuna wanawake wanaoimba wakishona, jambo linalojenga. Mchapishaji alisema fungu lake linaishia watu wakikimbilia mlango uliofungwa, na kwamba yeye mwenyewe alikosa usingizi, hivyo kitauzika. Ikafika zamu ya mwenyekiti.

Mwenyekiti alivua miwani. Alisema amelisoma fungu lake kwa makini na hafikiri linawafaa vijana, kwa kuwa linataja watu. Mwalimu aliuliza linataja watu gani. Mwenyekiti alisema watu tu, watu wenye familia. Hata hivyo, aliongeza, mjadala huo umepitwa na wakati, kwani fungu lenyewe kwa bahati mbaya limepotea alipokuwa anahama ofisi. Wajumbe walimpa pole.

Hapo mkutubi akapiga moyo konde, akazungumza kikaoni kwa mara ya kwanza. Alisema ameusoma mswada mzima na anaweza kuiandika sura ya kumi na tano kama ilivyokuwa, leo hii, kabla ya saa sita. Wajumbe waligeuka wakamtazama. Kilichowashangaza ni kwamba aliusoma mzima.

"Dada yangu," mwenyekiti alisema kwa upole, "kamati hii inafanya kazi na kilichoandikwa. Kumbukumbu ni kitu kizuri, lakini haina kurasa."

Mchapishaji ndiye aliyeokoa jahazi. Alipendekeza kitoke Toleo la Vijana, sura kumi na nne, na badala ya ile iliyopotea yawekwe maswali ya kujadili. Vijana wa siku hizi, alisema, hawapendi kutafuniwa. Mwalimu mstaafu aliandika maswali palepale kwenye bahasha. Kura zilikuwa nne kwa sifuri, na fomu ikasukumwa mbele ya mkutubi kwenye maneno "Kimesomwa chote."

Aliishika kalamu muda mrefu. Asipotia sahihi hakuna kitabu, na mama yake atazikwa akiwa Mtoto wa Jiko. Akitia, walau mlango utakuwa umefungwa ndani ya kitabu, walau mtoto mmoja shuleni atajiuliza. Alitia sahihi. Alijichukia, akateremka ngazi kwenda kutandika magazeti.

Toleo la Vijana lilizinduliwa mwezi wa nane. Bamba la shaba lilikuwa limeng'arishwa kwa ajili ya wageni. Wajumbe walikaa mbele, watoto katikati, wanawake kumi na tisa kwenye viti vyao karibu na mlango, na mama yake mkutubi katikati yao, akishikilia ncha ya aproni ya mama yake. Kachero alisimama akasoma sura ya kumi na nne. Alisoma vizuri. Akafika pale mafundi wanapoufikia mlango na kuukuta umefungwa. Kisha akafunua ukurasa.

"Maswali ya kujadili," alisoma. "Swali la kwanza. Unadhani ni nani aliyeufunga mlango? Majibu yote ni sahihi."

Bibi yake mkutubi, ambaye hakuwahi kufundishwa kusoma, aliuliza kama ndivyo kilivyoandikwa. Kachero aliigeuza karatasi, akachungulia mshono wa kitabu, akasema ndivyo kilivyoandikwa, bibi. Kisha akamgeukia mkutubi, maana ndiye mtu mzima aliyemwamini.

"Mama Kimya, nani alifunga?"

Mkutubi alisimama. "Msimamizi. Babu yake mwenyekiti, yule pale. Aliufunga kwa nje ili wasitoke kabla ya kengele, akatia ufunguo mfukoni, akaenda kula. Jiko halikuwapo."

Mwalimu mstaafu alitikisa kichwa kukubali, akasema hilo nalo ni jibu sahihi. Mwakilishi wa wazazi alisema yeye anadhani ni upepo. Hilo pia lilikuwa sahihi. Mtoto mmoja alisema ni jini, naye akapigiwa makofi. Mwenyekiti alimpongeza mkutubi kwa mchango wake wa kibunifu, akampa kalamu yenye nembo ya kamati.

Kisha akapiga kengele ili aanze hotuba. Wanawake kumi na tisa walisimama kwa pamoja, wakaenda mlangoni, na yule mzee wa miaka sabini aliyeshika aproni akaenda nao. Mlango ulikuwa umefungwa. Mwenyekiti ndiye aliyeagiza, kwa sababu katika uzinduzi uliopita wageni waliondoka kabla ya hotuba. Wanawake hawakugonga. Walisimama wakiutazama, naye akahutubu dakika arobaini juu ya faida za kumzoesha mtoto mafumbo. Alipomaliza alitoa ufunguo kwenye mfuko wa koti, akawafungulia, akawapa mkono mmoja mmoja akiwashukuru kwa kuja. Baadaye aliomba kitambaa ajifute masizi.

Kitabu kimenunuliwa na shule nyingi. Mama yake mkutubi anacho kimoja kando ya kitanda, na sokoni bado anaitwa vilevile. Bamba lipo. Mwenyekiti amechaguliwa tena.

Wanawake huja kila siku saa tisa. Kachero huwasomea mpaka sura ya kumi na nne, kisha huwauliza swali la kwanza, nao hujibu kila mmoja kwa zamu yake, kuanzia kiti cha mlangoni, na wote hutaja mtu yuleyule. Kachero huandika "sahihi" mara kumi na tisa kwenye daftari, kwa kuwa kitabu hakimruhusu kuandika kingine. Saa kumi na moja ikikaribia, kabla mtu hajagusa kengele yoyote, mkutubi huacha kazi aliyonayo akaenda kuwafungulia mlango.