Sufuria ya Mbegu za Lukina

"Wakulima wote, wakubwa kwa wadogo, wenye majembe na wenye visingizio, mnatangaziwa!" Msomi alisimama juu ya kigoda jikoni, karatasi ya bwana shamba mkononi, kisha moshi ukampalia akakohoa mpaka machozi.

"Soma, mwanangu, acha mbwembwe," mama yake alisema. Mama hakujua kusoma, lakini ndiye aliyekabidhiwa kitalu cha kikundi cha akina mama, pamoja na kopo zima la mbegu za lukina, miti ya kulisha mbuzi na kurutubisha mashamba.

Karatasi ilisema mbegu zimwagiwe maji moto yaliyokwisha kuepuliwa, zilowekwe mpaka asubuhi. Msomi, aliyerudi likizo kutoka shule ya bweni na ulimi usiotulia, alikunja uso kama askofu akasoma: "Zichemshwe kama maharage, mpaka maji yakauke."

Akangoja mama acheke. Mama akauliza, "Nifunike?"

"Funika," alijibu Msomi, akaenda zake kwa shoga yake, mbavu hana.

Aliporudi, mbegu zilikuwa zimeiva. Kicheko kikamkauka. Angesema saa ile; hakusema.

Mbegu zikapandwa kwenye viriba, vile vifuko vya kuoteshea miche. Kwa wiki tatu viriba mia nne vilimwagiliwa asubuhi na jioni, na hakikuchipua hata kimoja. Msomi ndiye aliyebeba maji bila kutumwa, jambo lisilowahi kutokea tangu azaliwe.

Kikundi kikakutana kitaluni. Bwana shamba akafukua mbegu, akaibonyeza, ikapondeka. "Mama, hii bado chumvi tu."

"Mama Msomi katupikia msitu!" mmoja alidakia, wakaangua kicheko.

Mwenyekiti hakucheka. "Mvua ndiyo hiyo inakatika. Dada, lete ufunguo wa kitalu tumpe anayeiweza kazi."

Mama aliufungua ufunguo kwenye pindo la nguo, taratibu. "Nimefuata karatasi neno kwa neno. Mwanangu, hebu wasomee wasikie."

Akamkabidhi ile karatasi kwa uso wa mtu aliyeleta shahidi wake. Masikio ya Msomi yakawaka moto. Akaikunja karatasi, akaikunjua.

"Soma, usiwaogope," mama alisema.

Akasoma kama ilivyoandikwa, mpaka mwisho.

"Neno la kuchemsha umeliruka," mama alimwambia kwa upole.

"Halimo, mama." Msomi alitazama vidole vyake vya miguu. "Nilikutania. Nikakuta umeshazipika, nikanyamaza. Hizi wiki zote nilikuwa najua."