Osewe Alipohama Peja

Osewe alikuwa fundi wa sofa pale Kawangware 56, lakini ungempasua kifua usingekuta mbao wala sponji, ungekuta nyaya. Saa yake ilikuwa na kikokotoo. Redio yake ilikuwa na tochi, na tochi yake ilikuwa na redio. Kiunoni alivaa peja, kidude cheusi kilicholia kama kifaranga, na kila kilipolia aliinua shati polepole, ili mama mboga wote wawahi kukiona.

Aliyekuwa akikiliza ni mpenzi wake Adero, msusi katika saluni moja ya Mashimoni, Kibera. Adero alikuwa akienda kwenye kibanda cha simu, anapigia kampuni ya peja, anamtajia msichana wa huko ujumbe wake, naye msichana anauchapa na kuurusha hadi kiunoni kwa Osewe. Hakuona haya kumwambia mtu baki mambo ya mahaba. Wala jina la Osewe hakulitumia. Alimwita Betri, maana mifukoni mwake betri hazikukosekana.

Basi mwaka huo wa tisini na tisa, mteja wake mmoja, Bwana Wambua wa Kilimani, akaagiza sofa. Wambua alikuwa amejipatia simu mpya ya mkononi, na ile ya zamani, kubwa kama tofali, ilikuwa imelala tu kabatini. Osewe alipoiona, mate yalimjaa mdomoni. Wakabadilishana: sofa nzima kwa tofali na laini yake. Alasiri hiyohiyo Osewe akairudisha peja kwa kampuni yake, kama mtu anayerudisha viatu vilivyombana.

Adero hakuambiwa. Osewe alitaka kumshtua.

Shida ni kwamba pale Kawangware tofali lilishika netiwaki mahali pamoja tu: juu ya meza yake ya kurandia mbao, tena uso ukiwa umeelekea Lavington kwa matajiri. Akawa anashinda huko juu, mkono hewani, kama anayepunga ndege ishuke.

"Buda, hiyo kitu italia lini?" Gachanja, jirani yake mwenye duka la hadwea, la misumari na kufuli, alimuuliza.

"Ikipigwa."

"Na nani?"

Osewe akafikiri. Hakuwa na rafiki hata mmoja mwenye simu.

Jumamosi akavaa koti lenye mfuko mkubwa, akatia tofali ndani, akashika njia ya Mashimoni. Alimkuta Adero amesimama nyuma ya mteja, chanuo mkononi.

"Sasa, mrembo."

"Bibi yako alikuja jana," Adero akajibu bila kugeuka.

"Bibi gani?"

"Yule mwenye kitambaa cha kanisa kichwani. Alikuja na peja yako mkononi, Osewe! Akanisomea meseji yangu mbele ya wateja: 'Betri wangu, mama amesafiri. Njoo nikuchaji. Adero, saluni, Mashimoni.' Akaniuliza kama sioni aibu kuchaji mume wa mtu!"

Saluni nzima ikacheka. Osewe hakucheka.

"Lakini peja nilirudisha wiki jana!"

"Ulirudisha na hukuniambia?"

Akachomoa tofali mfukoni, antena ikamchoma mteja sikioni. "Nilitaka ushtuke."

"Yawa, nimeshtuka," Adero akasema. "Unaniona?"

Mama mmoja aliyekuwa akikausha nywele chini ya draya akatoa kichwa. "Huyo wa jana ni Mideva, mke wa Pasta Khamala wa Ayany. Pasta amenunua peja juzi ndio waumini wampate haraka."

Osewe akaelewa. Kampuni ilikuwa imempa pasta namba yake ya zamani.

Adero akavua aproni. "Twende."

Walimkuta mtumishi wa Mungu nje ya nyumba yake, Ayany, ameinamia karai, akimenya viazi mwenyewe. Tangu Alhamisi mkewe alikuwa amegoma kupika. Mideva alisimama mlangoni, mikono kifuani. Osewe akaanza kueleza: namba, kampuni, mitambo, mawimbi yanavyosafiri hewani.

"Wanaume mnasaidiana," Mideva akamkata. "Amekulipa ngapi useme hivyo?"

"Mama, hebu nisikize. Mawimbi ya peja na mawimbi ya simu..."

"Betri, funga mdomo!" Adero akafoka.

Mideva akashusha mikono. "Umemwita nani?"

Badala ya kujibu, Adero akatia mkono katika mfuko wa suruali ya Osewe na kuutoa umejaa betri, kubwa kwa ndogo. Moja ikaanguka ndani ya karai la viazi. Mideva akaitazama, akamtazama Osewe, kisha akakaa kwenye ngazi na kucheka mpaka kitambaa kikamlegea kichwani.

"Bwana asifiwe," pasta akasema, akiinuka.

"Wewe kaa," mkewe akasema. "Meseji ilifika Alhamisi asubuhi. Mimi nimeipata jioni. Mbona hukuifuta?"

Pasta akakitazama kiazi. "Nilikuwa nikiiombea."

"Menya!"

Hasira ilipomtoka, Mideva akaliona tofali. Akataka ampigie dada yake, aliyekuwa karani wa kupokea simu katika ofisi moja Kakamega. Ayany netiwaki ilikuwa tele, akapata. Akapiga kelele kana kwamba sauti yenyewe ndiyo ilipaswa kufika Kakamega, akauliza habari za ng'ombe mmojammoja, hadi chaji ikaisha. Osewe hakuthubutu kukohoa.

Walipokaribia Mashimoni Adero akamgeukia Osewe. "Sasa mimi utanipigia wapi? Kwa draya?"

Katika siku zote za kulipiga tofali busu, hilo Osewe hakuwa amelifikiria hata kidogo.

Jumatatu akarudi kwa kampuni ileile ya peja, akachukua peja nyingine, namba mpya, akaipeleka saluni na kuifunga kwenye aproni ya Adero, pamoja na karatasi yenye namba ya tofali. Akarudi Kawangware, akapanda mezani, akapigia kampuni. Msichana akamwomba arudie ujumbe kwa sauti, na majirani wote wakasikia: "Adero, mwambie mama Jumapili nakuja na mjomba. Kwa heshima."

Akangoja hukohuko juu. Gachanja akamletea chai. Chai ikapoa. Mara tofali likalia, kwa mara ya kwanza tangu alipate, na Osewe nusura aanguke.

"Haloo?"

"Mjomba peke yake?" Adero akauliza kutoka kibandani. "Lete na shangazi, kuna vyombo vya kuosha."

Sarafu zikamwishia, simu ikakata. Osewe akabaki mezani, tofali sikioni, akiitikia "ndiyo, ndiyo" na mtu hayuko.